Uzi Kwenye Pindo

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili nimepewa bure, ndiyo maana naandika. Juu ya jalada pameandikwa "Wazo Langu" kwa herufi za rangi ya dhahabu ambazo zimeshaanza kubanduka. Kila mmoja wetu wa chumba cha kufulia alipewa la kwake, pamoja na kalamu isiyoandika. Hii ninayotumia ni ya mume wangu, ameleta boksi zima kutoka stoo ya shule anakofanya kazi.

Habari yenyewe ni hii. Hoteli haitaki tena kufua. Shuka, taulo, mashati ya wageni, vyote vitapelekwa kwenye kampuni ya ufuaji iliyoko nje ya mji. Sisi tuliopo tumepewa fomu yenye visanduku viwili: Kuhama na Kuondoka. Ukichagua Kuhama, unakwenda huko pamoja na shuka. Ukichagua Kuondoka, unapewa kiinua mgongo chako na kwaheri ya kuonana. Mwisho wa kurudisha fomu ni tarehe kumi na sita Mei. Nimepiga pasi pale miaka kumi na tisa.

Ili tusilie sana, wametuletea semina ya ujasiriamali. Mwezeshaji ni kijana wa suti ya kijivu ambaye hawezi kumaliza sentensi bila neno fursa, na kabla ya chai tulikuwa tumeshambatiza Bwana Fursa. "Msitafute biashara," alituambia. "Tafuteni tatizo. Tatizo la watu ndiyo fursa yenu." Akatupa dakika kumi tuandike. Wenzangu karibu wote waliandika kuku. Msimamizi wetu, tunayemwita Dada Mkubwa ingawa mimi namzidi umri, aliandika kuku wa mayai ili atofautiane nao. Mimi sikuandika kitu. Miguu ilikuwa inawaka moto, na hilo ndilo tatizo pekee lililonijia kichwani.

Jumanne, 4 Machi

Mvua zimeanza. Nimechoka.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya nne bila jua. Nguo za nyumba zote sita za uani kwetu ziko kwenye kamba tangu Jumatatu, zimeanikwa, zimeanuliwa, zimeanikwa tena, na sasa zinanuka uvundo. Leo alfajiri jirani yangu Nesi, anayefanya kazi kwenye nyumba ya wazee, alikuja kuomba pasi. Sare yake ilikuwa inachuruzika maji. Akaipiga pasi hivyo hivyo mbichi, mvuke ukapanda hadi darini, kisha akaivaa.

"Utaugua, shoga yangu," nilimwambia.

"Nikiugua si nipo na wauguzi wenzangu? Tatizo ni hii nguo, haikauki kwa maombi."

Nilikuwa nimefika kazini, nimeshapiga mashati kama arobaini, ndipo lile neno tatizo likanirudia. Sisi hotelini tuna chumba cha kukaushia. Bomba la moto linapita ndani, kamba juu, na shuka inakauka kabla hujamaliza kunywa chai. Kwa nini uani kwetu tusiwe na chumba kama hicho? Chumba cha watoto kiko kitupu tangu wote wawili waende shule ya bweni.

Nimeliandika hapa maana jalada limesema niandike. Wazo langu: kukausha nguo za watu.

Jumapili, 9 Machi

Nimemwambia mume wangu. Alikuwa anapiga pasi mashati yake ya wiki, kama anavyofanya kila Jumapili. Mwaka ule wa kwanza nilipoanza hotelini nilimletea kelele za mgongo, akaninyang'anya shati lake mkononi akasema, "Ya wageni yanatosha, haya niachie mimi." Tangu hapo sijagusa nguo yake hata moja. Nilipomaliza kueleza, aliendelea kunyoosha kola hadi nikaona ananidharau.

"Kwa hiyo utaweka alama Kuondoka?" aliniuliza.

"Sijui. Ndiyo nafikiria. Wewe una mshahara wako, tukibana matumizi tutapita."

Akaiweka pasi chini. Akaenda chumba cha watoto na futi yake, akaanza kupima ukuta kwa ule mkono wake wa kushoto, bila kusema ndiyo wala hapana. Mwanamume huyu ukimtaka neno lazima umkamue.

Mama mkwe, tunayeishi naye, alikuwa na maneno ya kututosha sote. "Watu wakulipe kwa kukausha nguo? Na jua likirudi utalifungia wapi, kabatini?" Ameshona cherehani maisha yake yote, mpaka macho yalipomkatalia, na haamini kazi isiyo na sindano. Nilimjibu kwa adabu kwamba jua likirudi tutajua la kufanya. Moyoni nilimjibu vingine.

Jumatano, 12 Machi

Wametupeleka kwa basi la hoteli kuiona hiyo kampuni. Ni ukumbi mkubwa, mweupe, hauna dirisha hata moja. Mashine zinafua zenyewe, zinakamua zenyewe, na za pasi ni magurudumu marefu ya moto: watu wawili wanashika ncha za shuka wanaingiza, watu wawili upande wa pili wanapokea. Zamu nzima ni hiyo. Nilimuuliza dada mmoja mashati wanayapigaje. Akasema shati linavalishwa kwenye sanamu la upepo, linapulizwa, limekwisha. "Hata huligusi," alisema, kama mtu anayenipa habari njema.

Dada Mkubwa alifurahi sana. Alizunguka akipapasa mashine kama anachagua ng'ombe. "Hapa mgongo utapona," aliniambia. Huenda ni kweli. Njiani kurudi niliitazama mikono yangu, nikashindwa kujua itafanya nini pale.

Jumamosi, 15 Machi

Mume wangu ametoboa ukuta. Ameweka pipa la moto nje, chini ya kibanda cha bati, na bomba la bati linapita chumbani kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, kisha linatoka juu. Nesi alitupa seti mbili za sare tujaribu. Zilikauka mara moja, ila zilinuka moshi kama zimetoka kuokolewa kwenye nyumba inayoungua. Nimeketi kitandani nikashika tama. Mama mkwe akapita mlangoni akanusa, akaenda zake. Bora angesema.

Jumapili, 16 Machi

Kaziba viungo vyote vya bomba kwa udongo. Hainuki. Sikumshukuru vizuri, nilikuwa nasinzia.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Mashati mia na kumi hotelini. Wateja watatu nyumbani.

Jumamosi, 22 Machi

Wateja kumi na moja! Kinyozi wa pale kona, dereva wa teksi, fundi saa, mama wa mapacha, na wengine wa mtaa wa nyuma ambao hata siwajui. Wanaleta nguo zimekamuliwa, zinatoka zimekauka na kukunjwa. Wengi wanaongeza, "Na pasi basi, maadamu zipo hapo." Basi najikuta nimetoka kupiga pasi kazini nimekuja kupiga pasi nyumbani.

Nguo zisichanganyike nimebuni njia. Hotelini tunabandika namba za karatasi, lakini karatasi inalowa. Mimi nachukua uzi wa rangi na kutia mishono mitatu kwenye pindo, kwa ndani, ncha naiacha inaning'inia kidogo niione upesi. Nesi ni mwekundu, kinyozi kijani, dereva bluu, fundi saa njano. Rangi zikiisha nachanganya mbili mbili. Nguo zetu wenyewe hazina uzi, sisi tunajuana.

Alhamisi, 27 Machi

Najikaza kisabuni. Saa kumi na moja alfajiri nakoka moto, saa moja niko hotelini, saa tisa nimerudi, na kamba zinanisubiri. Mume wangu naye siku hizi anarudi hoi. Anasema shuleni wanahesabu vitu vya stoo. Anakula kimya, analala kwenye kiti kabla hajavua viatu. Nilimwambia wewe unahesabu madaftari, mimi ndiye ninayepaswa kulala hivyo. Alicheka kidogo.

Jumatano, 2 Aprili

Leo ni siku yangu ya mapumziko, na Bwana Fursa amekuja uani kwetu! Alikuwa ameloa chapa chapa, miguu imejaa tope, suti ya kijivu imemganda mwilini. Semina nyingine ilikuwa saa nane na hakuwa na suti ya pili. Nikampa kanga yangu ajifunge, akakaa kwenye kigoda na magoti yake membamba huku Mama mkwe akimkagua kama kitambaa chenye dosari.

Nilipolipiga pasi lile koti niliona bitana ya ndani imeshonwa upya kwa mkono, mishono mikubwa ya mwanamume asiyejua kushona. Makalio ya suruali yanang'aa kwa kukaa ofisi za watu akisubiri kuitwa. Siku ile ya semina nilidhani ni mtoto wa tajiri anakuja kutucheza shere.

"Hivi wewe ulianza na biashara gani?" nilimuuliza.

Akaangalia mlango kwanza. "Mama, nikwambie ukweli? Sijawahi kuuza hata kiberiti. Nina mkataba wa miezi mitatu mitatu. Wakinipa kitabu nasoma, kesho yake nafundisha."

"Na yale ya tatizo ni fursa?"

"Yamo ukurasa wa nne."

Nilicheka mpaka nikaketi. Lakini alipovaa suti yake kavu, alisimama akatazama bomba, kamba, nyuzi kwenye mapindo, akasema taratibu kwamba mimi ndiye mtu wa kwanza aliyemwona akifanya lile alilolifundisha. Nilitaka kumtania, sikuweza. Nimempa uzi wa zambarau.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Mvua. Wateja kumi na saba. Nimeshaamua, ni Kuondoka. Fomu iko ndani ya daftari hili, bado sijaweka alama, nangoja nipate siku ambayo sijachoka.

Jumamosi, 19 Aprili

Naandika kabla sijalala.

Nilirudi saa tisa, mvua inapiga bati. Nikamkuta Mama mkwe kwenye chumba cha kukaushia ameketi kwenye kigoda, mkasi wake mdogo mkononi, uso umemchangamka kama msichana. Nguo zote zilikuwa zimeshushwa kwenye kamba. Zimekunjwa vizuri kuliko ninavyokunja mimi, zimepangwa marundo mazuri: mashati peke yake, suruali peke yake, magauni peke yake.

"Leo nimekusaidia, mwanangu," alisema. "Mafundi wa siku hizi hawana haya. Kila nguo uzi unaning'inia kwenye pindo! Macho hayaoni mbali lakini vidole vinajua. Nimezikata zote."

Akanionyesha kiberiti kitupu alichoweka nyuzi. Nyekundu, kijani, bluu, njano, zote zimo, zimejaa hadi juu.

Sikupiga kelele. Nilikaa chini sakafuni. Wateja kumi na saba, rundo moja la mashati meupe, jingine la suruali nyeusi, na saa kumi wataanza kugonga. Nilihisi machozi yanakuja, na hasira, na juu ya yote uchovu, ule wa kutaka tu mtu aje anifunike shuka anizimie taa. Nilipomweleza zile nyuzi zilikuwa za nini, Mama mkwe alikunja midomo, mkasi ukamdondoka mapajani. "Basi nimekuua," alisema. Sijawahi kumsikia akisema kosa lake, na sikufurahi kulisikia.

Nikachukua shati la juu kabisa ili nifanye kitu. Jeupe, la mikono mirefu, kama mengine yote. Nikalitandaza juu ya meza. Mkono wa kulia umepauka kuanzia kiwiko kwenda chini, wa kushoto bado mweupe. Mtu huyu huweka mkono dirishani juani. Huyu ni dereva. Nikaweka pembeni. La pili, kwenye mshono wa kola kulikuwa na vinywele vidogo ambavyo havitoki kwa kufua. Kinyozi. La tatu viwiko vimelika vyote viwili, sehemu nyingine zote nzima. Fundi saa, anayeinama juu ya meza siku nzima. Suruali inayong'aa makalio sikuhitaji hata kuitandaza. Sare mbili za manesi zilinisumbua, maana kuna nesi mwingine mtaa wa nyuma, lakini moja mfuko wa juu ulikuwa na doa la wino upande wa kushoto, na wangu huandika kwa kalamu inayovuja.

Kumbe miaka kumi na tisa nilikuwa nasoma watu bila kujua. Bega linaloshuka, goti la mwenye kusali, goti la mwenye kutambaa chini ya magari, tumbo la mimba ambayo bado haijatangazwa. Pasi inapita juu ya mwili wa mtu ambaye hayupo. Mama mkwe alikuwa anapokea kila nguo na kuikunja upya. Nesi aliingia kuchukua zake, akasimama mlangoni na mwavuli unaochuruzika.

"Hazina alama, umejuaje?"

"Nguo zinasema zenyewe."

"Zote?"

"Zote."

Alisimama pale mpaka rundo likaisha, hakukumbuka hata kuketi.

Limebaki shati moja. La mitumba, rangi ya udongo, silijui kabisa. Bega la kulia limechanika na kushonwa, limechanika tena, na mishono imejaa vumbi gumu la kijivu, simenti. Kola imeliwa na jasho. Kiwiko na ncha ya mkono wa kushoto vimelika kuliko vya kulia. Nikamwambia Nesi, "Huyu ni mpagazi. Anatumia mkono wa kushoto. Ni mtu mzima, maana anapumzisha mzigo sana begani. Na huko kwake hakuna anayemwangalia, tazama alivyojishonea mwenyewe."

Kesho wateja waliobaki wakija nitauliza ni la nani.

Jumapili, 20 Aprili

Wote wamechukua nguo zao, na hakuna aliyekosewa hata soksi. Shati la mpagazi si la mtu yeyote. Nimelining'iniza nyuma ya mlango.

Jumatatu, 21 Aprili

Leo sikuwahi kukoka moto. Niliamka nikasikia mlango wa chumba cha kukaushia. Mume wangu alikuwa mle, amevaa suruali yake ya kazi iliyonyooka kwa pasi na fulana ya ndani, anatafuta kwenye kamba. Akanyanyua macho, akaniona, na akaona nyuma ya mlango.

"Hilo shati ni langu," alisema.

Nilijua kabla hajamaliza. Mkono wake wa kushoto ndio ulionyooshwa kulichukua.

Walimpunguza kazini mwishoni mwa Februari. Walimpa barua na boksi la kalamu. Boksi hilo hilo la kalamu ninazoandikia! Siku aliyopanga kuniambia ndiyo siku niliyoingia na daftari la semina nikimcheka Bwana Fursa, naye akaona nina mambo yangu ya kutosha. Baadaye nikaja na wazo langu, nikasema wewe una mshahara wako. Tangu wakati huo anatoka asubuhi amenyooka kama bwana stoo, anabadilisha shati kwenye ghala la simenti, anabeba mifuko hadi alasiri. Ijumaa shati lililowa, akalianika kwetu Jumamosi asubuhi akidhani ataliwahi kabla sijarudi.

"Nilitaka uchague bila mimi kuwa mzigo," alisema.

"Ukaniacha nipime kwa mizani mbovu! Miezi miwili mimi nachagua maisha yetu juu ya mshahara ambao haupo!"

"Ningekwambia ungeweka alama Kuhama siku hiyo hiyo."

"Sasa si ndiyo ningechagua kwa kujua?"

Nilisema mengine ambayo sitayaandika. Kisha nikaenda kazini, na mashati ya wageni nikayapiga yote vibaya.

Kinachonichoma si uongo wake. Jumamosi nilijisifu mbele ya Nesi kwamba nguo zote zinasema. Watu kumi na sita wa nje na mmoja wa suti nimewatambua kwa makunyanzi. Mume wangu nimemwita mpagazi asiye na wa kumwangalia, na nilikuwa sawa.

Jumanne, 22 Aprili

Hatusemezani. Mvua.

Ijumaa, 25 Aprili

Mama mkwe alijua. Kasema alisikia bega la mwanawe linavyolia anapoketi, mama haambiwi. Nilimuuliza mbona alinyamaza. "Na wewe ungetaka mimi ndiye nikwambie?" Hapana, nisingetaka. Tulikunja nguo pamoja mpaka zikaisha.

Jumapili, 27 Aprili

Nimemkanda mume wangu bega kwa mafuta ya moto. Ni gumu kama ubao. Tumeanza kuongea, kidogo kidogo, habari za mafuta kwanza.

Jumapili, 4 Mei

Jua. Uani kamba zote zimejaa, rangi tele, watoto wanapita chini ya shuka. Hakuna aliyekuja.

Jumatatu, 5 Mei

Jua. Hakuna.

Jumanne, 6 Mei

Jua. Fundi saa alileta shati moja la pasi, nadhani kwa huruma. Mama mkwe hakusema lolote kuhusu kabati, na hilo liliniuma kuliko angesema. Pipa limepoa, paka analala ndani yake.

Alhamisi, 8 Mei

Nimechukua fomu nikaweka ncha ya kalamu juu ya Kuhama. Dada Mkubwa aliniambia hanifichi, nafasi zinajaa. Mume wangu alikuwa ananitazama. "Usiniangalie mimi," alisema. Nikamwambia nitamwangalia, tena nimechelewa kuanza. Alama sikuitia, lakini kalamu sikuiweka mbali pia.

Jumamosi, 10 Mei

Nesi amekuja, si na nguo bali na habari. Tangu siku ile ya nyuzi ana jambo kichwani. Kule kwao kwenye nyumba ya wazee nguo zote zinafuliwa pamoja, zinarudi zimegawanywa makubwa, ya kati, madogo. Mzee anaamka anavishwa chochote kinachomwenea. Wako wazee ambao hawajavaa nguo yao wenyewe tangu waingie. Walijaribu kuandika namba kwa wino, ukafutika. Waliandika majina, wazee wakakataa, wakasema ni kama nguo za maiti.

"Njoo Jumatano uone," alisema. "Nimeshamwambia Matroni. Usinitie aibu."

Nilimwambia nimechoka na mawazo. Akasema na yeye amechoka, Jumatano saa kumi.

Jumatano, 14 Mei

Nilikwenda. Ukumbi safi, mwanga mzuri, wazee wamepangwa kwenye viti kando ya ukuta. Bibi mmoja mwenye gauni la njano alikuwa anapapasa ubavu wake wa kulia. Anapapasa, anaacha, anapapasa tena. Nesi alisema hufanya hivyo kutwa nzima, wamezoea, wanadhani ni ugonjwa wa uzee.

Nilimtazama kidogo. Nikaomba nipelekwe kwenye chumba cha nguo. Rundo la kati lilifika kiunoni mwangu. Nilichambua moja moja, Matroni amesimama kando na saa yake, mpaka nikafika gauni la kahawia, kuukuu, lenye mfuko wa kulia uliovutwa chini mpaka umekuwa kama tumbo. Mtu ametia ngumi yake humo kwa miaka na miaka.

Tulimbadilisha. Bibi alishusha mkono, ukakuta mfuko, ukaingia. Aliegemea kiti akafumba macho, na ule mkono ukatulia kwa mara ya kwanza.

Matroni alipangusa miwani yake. Akasema atanipa bawa moja la jengo, wazee ishirini na wawili, kwa mwezi mmoja. Nikiharibu, basi. Nikifaulu, tutaongea juu ya mengine. Hakuniahidi zaidi ya hapo, nami sikuomba. Njiani nililia, na sijui kama ni kwa ajili ya bibi au kwa kuwa miguu ilikuwa inaniuma.

Ijumaa, 16 Mei

Asubuhi tuliketi sote watatu, fomu mezani. Nilisema yote kwa sauti, asije mtu akajifanya hakusikia. Mwezi mmoja tu. Bawa moja. Mume hana kazi ya kudumu, watoto wako bweni, kiinua mgongo kitatubeba muda, kisha hakitatubeba. Mume wangu alisema ataacha ghala asubuhi, atabeba marobota ya nguo kwenda na kurudi, alasiri atarudi kwenye simenti. "Mzigo wa nguo ni mwepesi," alisema, "bega litadhani limestaafu." Mama mkwe alisema yeye atakunja, na mkasi ataukabidhi kwangu kila Jumamosi.

Naogopa. Nataka iandikwe mahali. Bwana Fursa hakutufundisha ukurasa wa hofu, pengine haumo. Sijisikii shujaa wala mjasiriamali, najisikia mwanamke ambaye ameona kazi mbili mbele yake na zote zinachosha, ila moja anaijua hata akifumba macho.

Nimeweka alama Kuondoka. Dada Mkubwa alipokea fomu, akaisoma mara mbili. "Una wazimu," alisema. Kisha akafungua kabati la nyuma akanitolea ile pasi nzito ya zamani, yenye mpini niliouzungushia kitambaa mwenyewe. "Ichukue kabla hawajaja kuandika vitu." Miaka yote nilidhani hanipendi.

Nimefika nyumbani jua bado liko juu. Shati la simenti lilikuwa kwenye kamba, limekauka. Nimelishusha, nimelikung'uta, nimelishona bega vizuri, kitambaa cha pili kwa ndani. Nimelipiga pasi polepole, kola, mikono, mgongo. Halafu nimechukua uzi, nikatia mishono mitatu kwenye pindo, ncha nikaiacha inaning'inia.

Mama mkwe alikuja kulikunja. Vidole vikafika kwenye pindo, vikasimama.

"Na huyu ni mteja?"

"Ndiyo, Mama."

"Mteja gani huyu wa simenti?"

"Wa zamani," nilimwambia. "Nilikuwa nimempoteza kwenye rundo."

Akalikunja kwa uangalifu, uzi ukaonekana kwa juu, akaliweka peke yake.